Siku ya kwanza nchi mpya na watoto watatu, tuanzie wapi?

baba_watatu aliuliza:

Wakuu habari za humu. Naomba ushauri kwa waliowahi kuhama nchi na familia nzima, siyo yule anaetangulia mwenyewe kutafuta maisha afu familia inafuata, hapana, namaanisha nyie mlioshuka kwenye ndege na mke au mume na watoto siku moja na hakuna ndugu wa kuwapokea.

Sisi tunaondoka mwezi ujao, mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa miaka tisa, wa kati mitano, mdogo bado hajafikisha mwaka. Viza zipo tayari, kazi ya mke wangu ndo inatupeleka, nyumba ya kupanga imepatikana kupitia mwajiri wake na funguo tunakabidhiwa siku hiyo hiyo tunayofika. Mambo makubwa nimeshasoma sana, shule, bima, benki, hayo kila mtu anaandika. Kinachonisumbua ni ile siku yenyewe, yaani kuanzia mlango wa ndege mpaka watoto walale usiku wa kwanza. Tunatua saa nane mchana kwa saa za huko, na wako nyuma yetu masaa saba, kwahiyo miili itakuwa inasema ni saa tatu usiku wakati jua bado linawaka. Kila mtu amechoka, hakuna hata mmoja anaejua duka liko wapi.

Mke wangu anasema siku hiyo tusifanye chochote zaidi ya kufika, kula na kulala. Mimi naona tukianza hivyo tutachelewa kila kitu, nina listi ndefu, laini za simu, benki, ofisi ya kujiandikisha, kupita kuona shule. Nani yuko sahihi?

Afu kuna jambo lingine. Huyu mkubwa wetu tangu tumwambie amekuwa kimya. Hagombani, halii, kila kitu anajibu "sawa". Hiyo inaninyima usingizi kuliko mabegi.

mama_wawili:

Pole na hongera kaka. Mkeo yuko sahihi, ila kwenye neno "kulala" hapo ndo pa kuangalia vizuri.

Mkifika nyumbani tuseme saa kumi jioni, mkajitupa kitandani wote, watoto wataamka saa nne usiku wa huko wakiwa wazima kabisa maana kwenye miili yao ni alfajiri ya saa kumi na moja, muda wa kuamka. Hapo mmejiharibia usiku wa kwanza na wa pili unaharibika vilevile. Saa ya mwili inajirekebisha taratibu, makadirio ya kawaida ni kama saa moja kwa siku, kwahiyo masaa saba ni karibu wiki nzima, usitegemee miujiza. Bahati nzuri nyie mnaenda upande wa magharibi, ambao kwa watu wengi ni rahisi kuliko kwenda mashariki, kwasababu kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulazimisha usingizi kabla haujaja.

Kitu kinachoirekebisha saa ya mwili kuliko vyote ni mwanga. Kwahiyo mkishaweka mabegi ndani tokeni nje, hata kama kuna baridi, mkazunguke mtaa wenyewe taratibu mpaka jua liende. Mwanga wa jioni kwa mtu aliyetoka mashariki unausukuma mwili uchelewe, ndo kitu mnachotaka. Hao wawili wakubwa wasogezeni mpaka saa moja usiku au moja na nusu, chakula chepesi, maji ya kuoga, kitanda. Wakisinzia kabla ya hapo wape nusu saa, uwaamshe, watalia kidogo vumilieni.

Mtoto mchanga muache. Usimpigie hesabu za saa, akitaka kulala alale akitaka kunyonya anyonye, huyo hana ratiba ya kutetea na wala haelewi kwamba amehama, anachojua ni kama mama yupo au hayupo.

Na nyote watano laleni chumba kimoja usiku huo, hata kama nyumba ina vyumba vya kutosha. Magodoro chini, mashuka mliyotoka nayo nyumbani bila kuyafua, harufu ya nyumbani ina kazi yake. Mtoto wa miaka mitano akishtuka saa nane usiku kwenye giza asilolijua, mlango haujui uko upande gani, lile shuka na kusikia mtu anapumua pembeni ndo vinamrudisha.

mjuzi_wa_makaratasi:

Naomba nitofautiane kidogo na dada hapo juu, siyo kwenye usingizi, kwenye listi. Mkuu listi yako usiitupe, igawe. Ziko karatasi zenye siku zake na hujataja nchi kwahiyo itabidi uangalie ya kwako. Mfano Ujerumani ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili kujiandikisha anwani, Japani siku 14, Uholanzi kwa anaekuja kukaa zaidi ya miezi minne ni siku tano, Italia unatakiwa kuomba kibali cha kukaa ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie. Unaona hata hao wakali hakuna anaekudai siku ile ile umeshuka na mtoto mgongoni. Kwahiyo ofisi hapana siku hiyo. Ila simu moja au baruapepe ya kuomba miadi unaweza kuituma hata kabla hujaondoka, maana sehemu nyingi foleni ni ya miadi siyo ya kusimama, na hapo ndo watu wanachelewa kweli.

Kuna mambo ambayo yasipofanyika siku ile ile ukija kesho umeshapoteza. Naandika kwa kirefu kidogo maana haya watu wanayapita.

Kwanza kwenye dirisha la uhamiaji, kabla hujaondoka hapo soma kile walichokugongea au kukupa. Majina, tarehe, aina ya viza, kwa kila mmoja mpaka mtoto mchanga. Kosa la herufi moja likirekebishwa pale pale ni dakika chache, likirekebishwa baadae ni miezi na barua. Msione aibu kusimama pembeni mkasoma, hao maafisa wamezoea.

Pili mabegi. Begi lisipotokea USITOKE nje ya eneo la mizigo bila kuripoti kwenye dawati la shirika la ndege na kupewa namba ya ripoti. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi nyingi zimo, unasema begi lililoharibika ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7, na lililochelewa siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na likipita siku 21 halijaonekana unaruhusiwa kulihesabu limepotea ukadai. Tunza stika za mizigo walizokubandikia kwenye tiketi, na risiti za chochote mtakachonunua kwa dharura.

Tatu nyumba. Ukikabidhiwa funguo, kabla hata hamjafungua begi, pita kila chumba na simu piga picha. Kuta, sakafu, bafu, ndani ya friji, nyuma ya mlango, na mita za umeme, maji na gesi namba zikisomeka. Tuma zote kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili ziwe na tarehe. Siku ya kuhama ndo utanielewa, kwasababu amana yako inategemea nani ana ushahidi wa ule ufa ulioukuta. Na ukiletewa fomu ya kusaini kwamba umekagua nyumba na iko sawa, sema utairudisha kesho au keshokutwa. Mtu ambaye mwili wake unasoma saa tano usiku hatakiwi kusaini kitu chochote kinachoweza kusubiri.

La mwisho, laini ya simu ya nyumbani usiitoe wala usiiache izimike. Benki yako ya zamani itaendelea kutuma namba za kuthibitisha kwenye ile laini, na mtandao ukiona laini haitumiki muda mrefu unaweza kuifunga na namba akapewa mtu mwingine. Weka kwenye simu yenye sehemu mbili za laini, hakikisha inapokea meseji ukiwa nje, uijaribu kabla ya kuondoka.

fundi_nguzo:

Mimi ni fundi umeme nitaongelea nyumba tu. Watu wengi wakihama wanawaza tundu la soketi lina umbo gani, wananunua adapta wanaona wamemaliza. Adapta inabadilisha umbo la plagi, umeme haibadilishi. Sehemu kubwa ya dunia wanatumia volti 220 mpaka 240, Amerika ya Kaskazini, Japani na baadhi ya nchi nyingine wako kati ya 100 na 127. Chaja za simu na laptopu nyingi zimeandikwa 100-240V kwa maandishi madogo pale kwenye chaja, hizo hazina shida popote. Vitu vinavyotoa joto kama pasi, birika la umeme, mashine ya kukaushia nywele, hivyo viacheni mlipo. Kama mtoto ana mashine ya kuvutia dawa ya pumu soma maandishi yake leo hii, siyo siku ya kufika.

Siku ya kwanza ndani ya nyumba fanya hivi. Tafuta boksi la swichi kuu, pa kufungia maji na pa kufungia gesi, muoneshe na mkeo, watu wazima wote wawili wajue. Bonyeza kitufe cha kile king'ora cha moshi kwenye dari usikie kinalia, kisipolia betri imekufa na hiyo ni ya kushughulikia kabla ya kulala. Kama nyumba ina gesi au jiko la kuni, kuwe na king'ora cha gesi ya monoksidi ya kaboni, gesi hiyo haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Kama ni baridi na hita haiwaki, vaeni nguo zote mlizonazo, msije mkawasha mkaa wala jiko la gesi ndani kupasha chumba. Naandika hili kwa uzito wake kabisa, familia zinapotea hivyo.

Bomba la maji moto. Kama mlikotoka maji ya moto mnachemsha wenyewe, watoto hawajui kwamba bomba linaweza kuunguza. Hita nyingi za tangi zinatunza maji nyuzi 60, na hayo ni ya kuunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache tu, kwa mtoto ni haraka zaidi. Jioni hiyo wasimamie wakubwa kwenye bomba, uwaoneshe lipi la moto, anaefungua afungue baridi kwanza ndo afungue moto. Mchanga asiogeshwe chini ya bomba linalotiririka hata kidogo, weka maji kwenye beseni, changanya, pima na kiwiko.

Na kama nyumba imekaa tupu muda mrefu fungua mabomba yote yatiririke dakika kadhaa kabla ya kutumia, dirisha likiwa wazi. Maji yaliyolala kwenye mabomba yanaweza kuota bakteria.

Madirisha! Kama ni ghorofa angalia yanafunguka kiasi gani na usiweke kitanda wala kiti chini yake.

tulihama_2:

Mkuu nimesoma yote, naomba nikuongelee huyo mkubwa wako, maana mimi nilikuwa huyo mtoto. Nilihamishwa na wazazi nikiwa na umri huo huo na mimi ndo nilikuwa nasema "sawa".

Mtoto wa miaka tisa anaona kila kitu. Anaona nyie mmechoka, anaona mama anaogopa kazi mpya, anaona mdogo wake analia, anaamua yeye asiwe mzigo. Ukimya wake siyo lazima awe anaumia vibaya lakini siyo kwamba yuko sawa pia. Kosa lililofanyika kwetu, na wazazi wangu walikuwa watu wema sana, ni kwamba nilisifiwa. "Mwenzenu mbona ametulia, mtu mzima huyo." Baada ya hapo ungeanzaje kulia? Nilikuja kulia muda mrefu baadae kwa kitu kidogo kabisa, kalamu sijui, watu wakashangaa.

Kwahiyo siku hiyo usimsifie kwa kutulia. Mwambie wewe mwenyewe unachokikosa, kweli, siyo kwa kuigiza. Mwambie "mimi leo namkumbuka bibi yako na sijui hapa kama nitapazoea haraka" afu unyamaze, usiongezee "lakini tutakuwa na maisha mazuri". Hiyo "lakini" ndo inamfunga mdomo. Akijibu sawa mwache, ameshasikia kwamba inaruhusiwa.

Mpe kazi ya kweli, siyo ya kumbembeleza. Yeye ndo awe na karatasi yenye anwani ya nyumba, iliyoandikwa kwa maandishi ya nchi hiyo, na yeye ndo amuoneshe dereva. Mkienda kuzunguka mtaa yeye ndo anawarudisha nyumbani, anaangalia alama njiani, kona, rangi ya geti, mti. Mtoto anaejua njia ya kurudi anatulia tofauti na mtoto anaeburuzwa. Na siku hiyo hiyo wote wawili wakubwa wafundishwe namba ya dharura ya nchi hiyo na anwani kwa mdomo. 112 ndo ya nchi zote za Umoja wa Ulaya, Uingereza 999 na 112 pia inafanya kazi, Marekani na Kanada 911, Australia 000, wewe angalia ya kwako ubandike kwenye friji.

Barabara sasa, hili usilipite. Theluthi moja hivi ya watu duniani wako kwenye nchi ambazo magari yanapita kushoto, waliobaki ni kulia. Kama mnabadilisha upande, macho ya mtoto yameshazoea kuangalia upande ambao gari halitokei. Na yako pia. Siku hiyo hakuna kuvuka bila kushikana mikono, simameni ukingoni mnaongea kwa sauti, gari linatoka wapi kwanza, halafu wapi, mrudie mpaka wa miaka mitano awe ndo anawaambia nyie.

Na kuhusu lugha kama ni ngeni, mtoto anaweza kukaa wiki hata miezi shuleni bila kusema kitu huku anasikiliza na kukusanya, hilo linajulikana kwa walimu na kwa wengi linapita lenyewe. Siku ya kwanza usimwambie "msalimie jirani". Salimia wewe.

baba_watatu:

Jamani nashukuru sana, sikutegemea. Mke wangu nimemsomea yote na la dada mama_wawili amelirudia mara mbili kwa sauti. Listi nimeikata, siku ya kwanza imebaki uhamiaji, mabegi, picha za nyumba, king'ora, mabomba, matembezi, kulala. Benki na shule nimezisogeza wiki inayofuata na miadi naanza kuomba kesho.

@tulihama_2 ulichoandika nimekisoma nikiwa peke yangu na nimekaa nacho. Sisi tumekuwa tunamsifia kila siku, mpaka mbele ya wageni. Kuanzia leo basi.

Maswali mawili yamebaki. Huyo wa kati ana pumu, dawa zake tuzipange vipi? Na ikifika saa tisa usiku watoto wakaamka wote macho makavu, ndo tunafanyaje, tuwashe taa tukae nao au?

mama_wawili:

Dawa zote kwenye begi la mkononi, usiweke hata moja kwenye begi la chini. Begi likipotea nguo utanunua, ila dawa ya mtoto ugenini bila cheti cha daktari wa huko inaweza kuchukua siku. Zibaki kwenye maboksi yake yenye jina la mtoto, na barua ya daktari inayotaja jina la dawa lenyewe siyo la kampuni, pamoja na kipimo, kwasababu jina la kampuni linabadilika nchi kwa nchi. Mwombe daktari akuandikie ya kutosha mpaka mtakapokuwa mmepata daktari huko, na angalia kama nchi hiyo ina dawa inazozuia kuingia, ubalozi wao huwa wana maelezo. Ile ya kuvuta pumzi mama awe nayo mfukoni siyo kwenye begi la juu ya viti, hewa ya ndege ni kavu na hewa mpya ya baridi inaweza kumbana siku hiyo hiyo mnatoka mlangoni.

Saa tisa usiku, taa usiwashe. Mwanga wa saa hizo unaivuta saa ya mwili upande ambao hamuutaki, na simu na televisheni ni hivyo hivyo. Acheni giza, taa ndogo ya korido tu ili wasijikwae wakienda chooni. Watakuwa na njaa kweli, kwao ni saa nne asubuhi, kwahiyo kabla ya kulala weka pembeni ya godoro maji na kitu cha kutafuna kisichohitaji kupikwa. Wale palepale, warudi chini ya shuka, mpige hadithi kwa sauti ya chini. Hata wasipolala ni sawa, wamepumzika. Mgawane wewe na mkeo, mmoja anakesha nao mmoja analala kabisa na kitambaa cha kufunika macho, kesho yake angalau mmoja wenu awe na akili ya kusoma hizo fomu.

fundi_nguzo:

Na hiyo taa ya korido mjaribu mapema inawashiwa wapi, kuna nyumba swichi ya bafuni iko nje ya mlango na nyingine ni kamba inayoning'inia darini. Muoneshe wa miaka mitano kabla giza halijaingia.